Ukitaka Kuandika Tamthilia ya Afisa Mstaafu, Anzia Kwenye Mita ya Stima

Nimesoma skripti nyingi za tamthilia za wanajeshi wastaafu, kwa sababu watayarishaji wa hapa Nairobi wanajua mambo mawili kunihusu: naandikia runinga, na mume wangu ni Meja aliyestaafu. Karibu zote zinaanza namna moja. Ni usiku wa manane. Mwanamume anagaagaa kitandani, jasho linamtiririka, milio ya risasi inasikika kwa mbali, anaamka akipiga ukemi, mkewe anamshika bega. Ukurasa wa tano ameshika chupa. Ukurasa wa ishirini ameshika bastola, kwa sababu majambazi wamemteka binti yake na polisi wote wa jiji wamelala.

Weka hiyo kando, mwenzangu. Jinamizi zipo, na nitazifikia. Lakini wastaafu wengi niliowaona kwa karibu hawakushindwa na usiku. Walishindwa na saa nne asubuhi. Watoto wameenda shule, mke ameenda kazini, gazeti limeshasomwa hadi matangazo ya vifo, na hakuna mtu hata mmoja katika Nairobi nzima anayengoja amri yake. Tamthilia yako inaishi saa hiyo.

Mpe cheo na miaka kabla ya kumpa jina

Ukisema "mwanajeshi mstaafu" bado hujasema kitu. Afisa alipitia chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, akiwa kadeti. Askari wa kawaida alipitia shule ya makuruta, Eldoret. Tangu hapo hawakula mesi moja, hawakuishi nyumba za aina moja, na wake zao nao hawakukaa meza moja kwenye sherehe. Hilo nakwambia nikiwa mmoja wa waliokaa. Wa vyeo vya chini hutoka mapema, mara nyingi wakiwa bado na watoto wa shule ya msingi na nguvu za kubeba magunia. Afisa hutoka na mvi, na watu wanaendelea kumwita afande hata sokoni. Ukiandika Kanali anayehangaikia kodi ya chumba kimoja Kayole, sikatai, ila itakubidi utueleze pesa zake zilipotelea wapi.

Kisha chora mstari wa miaka. Juu yake andika mambo ya nchi, chini yake andika ya mhusika wako. Nimewahi kukutana na mhusika wa miaka hamsini anayesimulia alivyopambana Agosti 1, 1982. Siku hiyo bwana huyo alikuwa anajifunza kusoma na kuandika. Ukimtaka mtu wa 1982, basi leo ni babu wa miaka sitini na kitu, na kama alikuwa mwanahewa ana donda la peke yake: kikosi chake kilivunjwa baada ya jaribio lile la mapinduzi, kikaundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na jina hilo likadumu hadi 1994. Aliyeingia Lanet mwanzoni mwa miaka ya 1990 ana maisha mengine kabisa. Huenda alitumwa kulinda amani katika iliyokuwa Yugoslavia, au Sierra Leone, akarudi na redio kubwa na vijidola vya kuanzia msingi wa nyumba. Oktoba 2011, majeshi yalipovuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi, yeye alikuwa afisa aliyekomaa, mwenye vijana wa kuwajibikia. Hata jina la jeshi litafichua umri wake. KDF, yaani Kenya Defence Forces, ni jina lililokuja na katiba ya 2010. Aliyestaafu kabla ya hapo akisema "tulipokuwa KDF," wenzake watacheka mpaka wamwage chai.

Na mbona kila mara awe mwanamume? Kikosi cha wanawake jeshini kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikavunjwa 1999, na wanawake wakaingizwa moja kwa moja katika vikosi vingine. Fatuma Ahmed akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha Meja Jenerali mwaka 2018, na 2024 akakabidhiwa jeshi la wanahewa. Hebu mwandike mwanamke aliyeamrisha wanaume nusu ya maisha yake, halafu mpeleke kwenye chama cha akina mama wa mtaa, aambiwe asubiri zamu yake na kwa sasa asaidie kusukuma chapati. Skripti hiyo sijaletewa bado. Ningeisoma usiku huohuo.

Nyumba tayari ina kamanda

Mume alipokuwa akihamishwa, leo Nanyuki, kesho Gilgil, mwaka mwingine Mtongwe, kuna mtu aliyebaki akitafuta shule, akibishana na fundi, akilipa chama, akimkimbiza mtoto hospitali usiku. Kwa hivyo siku mzee anaposhusha masanduku yake ya bati na kusema amerudi moja kwa moja, anaingia katika eneo la mtu. Usiandike mke wa kulialia mlangoni na kupasha chakula. Andika mke mwenye taratibu zake, aliyezoea kulala na rimoti upande wake wa kitanda, na ambaye hakumbuki kuomba msaada wa kupanga kabati la vyombo.

Kambini stima zilikuwapo tu, maji yalikuwapo tu, na paa likivuja kulikuwa na mtu wa kuandikiwa. Kustaafu ni kurudisha ufunguo wa nyumba ya kambi. Familia nyingi huhamia nyumba ambayo haijaisha, Utawala au Ruiru au Kahawa West, ambako maji huja kwa zamu na stima ni za tokeni, namba unayoinunua kisha unaiingiza kwenye mita. Mtu aliyewahi kusimamia ghala zima la silaha anaweza kufika miaka hamsini hajawahi kununua tokeni. Itumie nafasi hiyo. Mimi onyesho kama hilo huliandika hivi:

NJE, KIBARAZANI. USIKU. Giza. MEJA amesimama mbele ya mita, miwani puani, tochi mkononi. MAMA SALMA yuko mlangoni na simu. SALMA, miaka 15, yuko nyuma yake.

MAMA SALMA: Sita, nne, moja, tisa, sifuri, mbili...

MEJA: Ngoja. Nne nne.

MAMA SALMA: Nini nne nne?

MEJA: Namba ni ishirini. Toa makundi matano ya nne nne. Nikisema endelea, unaendelea.

MAMA SALMA: Baba Salma, nyama iko jikoni inaharibika.

MEJA: Kundi la kwanza.

MAMA SALMA: (anavuta pumzi) Sita, nne, moja, tisa.

MEJA: Sita, nne, moja, tisa. Endelea.

MAMA SALMA: Sifuri, mbili, mbili, nane.

MEJA: Rudia kundi la pili.

MAMA SALMA: Mimi si redio!

Mita inalia. Imekataa. Kimya. Majirani wote wana taa.

MEJA: Nani ametoa namba hizi?

MAMA SALMA: Kampuni ya stima, Afande. Waandikie barua ya onyo.

Anaingia ndani. SALMA anaokota simu aliyoiacha kwenye ukuta.

SALMA: Baba. Kundi la kwanza. Uko tayari?

MEJA: (baada ya muda) Niko tayari. Endelea.

Hapo hakuna aliyesema "natamani jeshi," wala hakuna muziki wa huzuni. Lakini tumejua mume anashikilia nini, tumejua mke amechoshwa na nini, na tumeona ni nani katika nyumba ile atakayejifunza lugha ya baba yake. Na kila mtazamaji wa Nairobi amewahi kusimama mbele ya mita ile gizani. Ukipata maonyesho matatu ya namna hiyo una sehemu nzima ya kwanza, na hujatumia hata risasi moja ya plastiki.

Angalia pia mke alivyomwita: Baba Salma, na alipochemka, Afande. Hili la kumwita lipange mapema, uliandike kwenye karatasi uibandike ukutani. Nyumbani ni Baba Salma. Kwa wazazi wa mke ni mwanetu, na hapo hakai kwa kujiachia. Kwa mama mboga ni mzee. Konda wa matatu ya 44 hajui Meja wala nusu Meja, atamwambia, "Mzee, songa ndani, hiyo kiti ni ya watu wawili." Waigizaji wengi hufikiri lazima hapo bwana akasirike. La. Mwache asonge. Kisha mwache ashuke kituo kimoja kabla ya chake atembee kwa miguu, mgongo umenyooka, na asimwambie mtu kwa nini.

Mtu mmoja tu mtaani ndiye atakayesimama wima akimwona: soja wa geti, ambaye naye ni Koplo mstaafu. Hawa wawili usiwakose. Kambini wasingekunywa chai pamoja. Sasa Koplo ana jiko la makaa, sufuria nyeusi na ndoo moja ya kukalia, na Meja ana muda. Nani akalie ndoo? Wape sehemu nne za kulijibu hilo.

Kuhusu muda, kidokezo kidogo: atasema "fotini handred" akimaanisha saa nane mchana, na fundi wa mabati atatikisa kichwa kwa heshima na kufika saa kumi. Kicheko cha bure hicho.

Pesa, ndugu na ploti

Hapa ndipo penye msimu wako mzima. Mstaafu hupata sehemu ya haki yake kwa mkupuo, kile kiinua mgongo, na iliyobaki huja kila mwezi kama pensheni. Habari za mkupuo hufika kijijini kabla ya pesa kufika benki. Atakuja mpwa mwenye wazo la matatu. Atakuja shemeji mwenye wazo la kuku wa mayai. Na atakuja, huyu ndiye hatari, mwanajeshi mwenzake wa zamani mwenye ploti Kamulu au Joska, barabara ya lami inakuja, bei ni ya wanajeshi tu.

Chunguza kwa nini ananunua, maana waandishi wengi humfanya mjinga. Si mjinga. Maisha yake yote alilala usingizi kwa sababu mwenzake alisema "nalinda mimi." Neno la mwenzake lilikuwa dhamana kuliko karatasi. Kumwambia aende Ardhi House, kwenye ofisi za wizara ya ardhi, au afungue Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, kwenye simu kutafuta jina la mwenye kiwanja, ni kumwambia amshuku mtu aliyekula naye mkebe mmoja. Atakataa kwa sababu ya wema wake, na wema huohuo ndio utakaomtia hasarani. Ukiweza kufanya watazamaji wamwelewe huku wakimpigia runinga kelele "angalia hati kwanza!", umemaliza kazi. (Ardhisasa ilianza Nairobi Aprili 2021. Ploti yako ikinunuliwa kabla ya hapo, mpeleke foleni kwa miguu.)

Usimpe tapeli sura ya tapeli. Mpe magoti mabovu na karo ya mtoto, na awe kweli aliwahi kumbeba Meja mgongoni.

Uzi wa pili ni uandikishaji wa makuruta. Kila mwaka tangazo likitoka, nyumba ya mstaafu hujaa. Wanakuja na kuku, na bahasha, na kijana aliyekaa pembeni akitazama viatu vyake. "Wewe sema neno moja tu kwa hao wakubwa." Jeshi husema kila mara kwamba kuandikishwa ni bure, wageni wanajua hilo, na bado bahasha iko mezani. Akikataa, ukoo utasema ameringa. Akikubali, ameuza kitu pekee alichotoka nacho. Usimwokoe haraka. Mwonyeshe kijana mwenyewe siku ya zoezi: uwanja umejaa, wanatimua mbio, wanakaguliwa meno, mtu anarudishwa nyumbani kwa sababu ya jino. Ni mateso tosha kwa mwigizaji mchanga na hayahitaji maneno.

Vita vyenyewe

Watu walikufa. Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab, na zipo nyumba hapa mjini ambazo Januari haijawa mwezi wa kawaida tena. Ukiandika hadithi yenye kivuli cha siku kama hiyo, mtazamaji wako anaweza kuwa mama wa mmoja wao. Kwa hiyo mimi sipigi picha za milipuko ya kumbukumbu. Naandika wajibu. Kila Januari Meja anaenda Supermarket, ananunua unga, mafuta, sukari, vitabu vya shule, anapanda matatu mbili kwenda kwa mjane wa mmoja wa vijana wake, anatoa mizigo, anauliza watoto alama za hisabati, anaondoka. Mkewe anadhani kuna mwanamke. Hebu mwache adhani mpaka sehemu ya tisa.

Ukiongea na wastaafu kwa ajili ya utafiti, usianze na Somalia. Anza na chakula cha kambini, au na Ulinzi Stars, timu ya soka ya jeshi iliyochukua ligi mara tatu mfululizo 2003 hadi 2005 na tena 2010. Hapo mtaongea hadi jioni, na kama kuna la Somalia, litatoka lenyewe. Wakikuambia kitu kisha wakasema "hiyo usiandike," usiandike hata ukibadilisha jina.

Sare, kambi na vibali

Habari njema kwa mtayarishaji wako: hadithi hii haihitaji kambi. Maeneo ya kijeshi ni maeneo yaliyolindwa kisheria, na kusimamisha kamera nje ya lango la Kahawa au Lang'ata bila idhini ni kutafuta kulala ndani. Sheria vilevile inakataza raia kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, kwa hiyo kama ni lazima iwepo, idhini iwe ya maandishi na iwe mfukoni mwa mtu aliye eneo la kupiga picha, asiwe nayo bosi aliyebaki ofisini. Mimi sare naiweka kwenye picha moja ukutani, na kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Maleba ya mstaafu ni mengine: suruali ya kaki yenye mkunjo wa kukata mkate, koti la bluu la Jumapili, viatu vinavyong'aa hata kwenye matope ya Utawala.

Ukitaka jeshi lionekane mjini, liko wazi kwenye barabara. Sanamu tatu za ukumbusho wa vita pale Kenyatta Avenue zimesimama tangu 1928, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Kariokor ni jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la mkoloni, na wajukuu wao walidai hati ya ardhi ile kwa miongo hadi wakaipata 2017. Mstaafu anayehangaikia kiwanja hakuanza na Meja wako. Mpitishe Kibera siku moja akitafuta fundi, akae na mzee wa Kinubi, na mzee huyo amuulize hati yake iko wapi.

Leseni ya kupiga filamu inatoka kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, na ukipiga katikati ya jiji kaunti nayo itakuulizia karatasi. Kumbuka kanuni ya saa: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku runinga ni ya familia yote. Ukiwa na sehemu ya saa mbili usiku, matusi ya kambini yabaki kambini. Binafsi naona ni faida. Meja anayekaribia kutukana mbele ya mama mkwe, akameza, anachekesha kuliko anayetukana.

Nafasi ya nusu saa, ukiondoa matangazo, inakuachia dakika ishirini na kidogo. Sehemu moja, tatizo moja: tokeni, au kuku wa shemeji, au ndoo ya Koplo. Msimu wa sehemu kumi na tatu ni robo ya mwaka hewani. Uzi wa ploti utoshe kuuvuka wote, mengine yaingie na kutoka.

Ukimaliza rasimu, waite wastaafu wanne au watano mahali penye chai nzuri, wa vyeo tofauti, na uhakikishe yuko angalau mke mmoja. Wasomee kwa sauti. Usiwaulize kama imewapendeza, watakujibu kwa adabu. Tazama wanapotupiana macho. Hapo kuna cheo umekosea, au kuna jambo la kweli umeligusa bila kujua, na dakika kumi baadaye mmoja wao atakuambia lipi. Wakitaka kuondoka, walipe nauli na posho yao palepale kwa M-Pesa, kabla hawajafika stendi. Neno "tutaangalia Ijumaa" wameshalisikia vya kutosha kwenye foleni za pensheni.